Radi Kavua Tena

Kwa miaka kumi na tisa Dativa alishika miguu ya farasi, na katika miaka yote hiyo hakupigilia msumari hata mmoja. Kupigilia ilikuwa kazi ya mumewe, Sylvanus. Yeye Dativa aliuinua mguu wa mnyama, akaukunja, akaupakata magotini kama mtoto anayekatwa kucha, akageuza uso asichapwe na mkia, na Sylvanus akainama na nyundo yake. Kwa hiyo kazi ile aliijua kwa mgongo na kwa magoti. Aliijua kwa sikio pia, maana msumari ukipita sawa ndani ya ukwato una mlio wake, na ukienda kombo una mlio mwingine. Kwa mkono hakuijua, na hakuna aliyewaza kwamba siku moja itamlazimu.

Farasi wenyewe walikuwa wa kambi ya mzungu mmoja, huko mwisho wa Michenga mashamba yanapokutana na mbuga. Kiangazi, maji yakishakauka, alikuwa akiwapandisha wageni kwenda kuwatazama sheshe, wale swala wa bondeni, na nyati. Siku zile watu bado wanavuka Kilombero kwa kivuko, daraja halijajengwa, na wanakijiji walisimama kando ya njia kuwacheka wazungu wazima waliotoka kwao kwa ndege ili waje kukalia mnyama anayenuka jasho. Sylvanus hakucheka. Alikuwa mtu wa Mahenge, mpole, na alisema mnyama anayekubali kubeba mtu asiyemjua ana utu kuliko baadhi ya wakwe.

Ilipokuja korona wageni walikatika. Mzungu alifunga kambi, akaaga kwamba atarudi baada ya miezi mitatu, na tangu hapo ni sauti ya simu tu. Farasi watatu wakabaki na Sylvanus. Mwaka juzi kifua kikambana Sylvanus, tukamzika, na farasi watatu wakabaki na Dativa. Masika iliyofuata wawili walikufa ndani ya juma moja, macho yamevimba, povu jeupe linawatoka puani kama sabuni ya kufulia. Kuchimba shimo la farasi mmoja kulichukua wanaume sita tangu asubuhi hadi alasiri, na kabla shimo la pili halijaisha walikuwepo waliokuja na visu na ndoo kuuliza kama nyama inalika. Dativa aliwafukuza kwa jembe.

Aliyebaki ni Radi, wa rangi ya kahawia, ana mstari mweupe uliopinda usoni kama mwali wa radi wenyewe. Daktari wa mifugo alimweleza Dativa bila kuzunguka. Bonde hili mvua zikianza linafuka usubi, na usubi ndio unaobeba ugonjwa unaoua farasi. Huyu amepona mara moja kwa bahati. Akikaa masika nyingine hapa, aanze kutafuta wachimbaji mapema.

Dativa alimpigia mzungu simu, mzungu akawapigia jamaa zake, na katikati ya Februari jibu likaja. Kulikuwa na shamba juu Mufindi, kwenye baridi ambako usubi haufiki, wenyewe wanafuga farasi na wako tayari kumpokea Radi. Kulikuwa na lori linalokwenda huko, ila lori hilo linapakia mpunga Kiberege, na kwa upande huu wa bonde mwisho wake ni hapo. Dereva, mtu aitwaye Octavian, alisema kwenye simu kwamba Alhamisi ya wiki ya kwanza ya Machi saa mbili asubuhi ataondoka, farasi awepo au asiwepo. Michenga hafiki, kwani hajaajiriwa kuokota wanyama vichochoroni.

Basi Radi ilimpasa atembee mpaka Kiberege, mwendo wa kutwa nzima, kando ya barabara kuu ambako bega lote ni kokoto. Na Radi tangu ujana wake hajui kukanyaga kokoto bila kiatu. Nyayo zake zilikuwa laini. Dativa alimjaribu pekupeku mpaka kwenye mashine ya kukoboa tu, akaanza kuchechemea, akasimama, akakataa.

Alifungua sanduku la Sylvanus. Nyundo ilikuwepo, koleo, tupa, kisu cha kukatia ukwato, na misumari thelathini na mitano, aliihesabu mara mbili. Viatu vitatu vya Radi vilikuwa bado vizima. Cha mguu wa mbele wa kushoto kilikuwa kimelika kikawa chembamba kama mundu. Akachagua kingine katika viatu vya wale waliokufa, cha yule mkubwa kupita wote. Kilimzidi Radi kidogo. Dativa alikigonga mbavuni mpaka kikakaa upana wa ukwato, na nyuma kikabaki kimechomoza vidole viwili. Hilo halikumsumbua. Ukwato unaota kama kucha, alijiambia, utakifikia.

Alipigilia mwenyewe, amefunga mguu wa Radi kwa kamba kwenye nguzo kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuupakata. Mkono wa kulia ukafanya yale ambayo sikio lilikuwa linayakumbuka. Ilimchukua siku mbili. Jioni ya pili Radi alikuwa amesimama juu ya viatu vinne, na Dativa alikwenda kukaa kwenye gogo akalia kidogo, kisha akafuta uso kwa mkono wa koti la Sylvanus, koti la kijani lililokwisha viwiko, ambalo ndilo alilolivaa kila siku akienda bandani kwa sababu Radi alizoea kutia pua mfukoni mwake.

Asubuhi yake wifi yake Agnella, dada wa marehemu, aliyekaa nyumba ya pili, alipaza sauti uani:

"Wifi, Radi kavua tena."

Ilikuwa ni mara ya kwanza, hapakuwa na "tena" yoyote, lakini Agnella ndivyo alivyo, msiba humwamkia kama jirani wa zamani. Kiatu cha kushoto kilikuwa matopeni karibu na kisima, misumari imepinda, na kimeng'oka na kipande cha ukwato.

Dativa akapigilia upya, misumari sita, mingine mipya, mingine ile ile aliyoinyoosha. Siku mbili kikatoka. Alimtoa Radi kwenye matope akamfunga pakavu, kikatoka. Akaongeza misumari miwili, na hilo ndilo lililoharibu zaidi, kwa kuwa ukwato ulianza kumeguka pembeni kama ukoko wa wali, na kila kipande kilichomeguka kilikuwa mahali pengine ambapo msumari hautashika. Alifungia kiatu kwa mpira wa baiskeli, kikatoka pamoja na mpira. Alimpaka Radi maji ya baraka kwenye magoti, akaona haya mwenyewe, akapaka tena.

Mara ya sita kiatu kilipotoka hakikuonekana kabisa. Alitafuta kutwa, kwa miguu na kwa mikono, akapekua hata jalala la Agnella. Hakuna. Ndipo wazo baya likamwingia. Pale Lumemo kuna fundi wa kuchomelea anayeitwa Remigius, baba yake Gladness, ambaye pamoja na kuchomelea hununua vyuma chakavu. Mwezi ule ule mfuniko wa kisima cha shule ulipotea, na watu walikuwa wakimtaja kwa chinichini.

Jumamosi Dativa alimkuta Remigius kwenye mashine ya kukoboa, watu wamejaa foleni. Remigius ni mtu wa umri wa Beno, mtoto wa Dativa, na malezi yake ni mazuri. Alipomwona alisogeza baiskeli yake, akainamisha kichwa, akasema shikamoo mama. Dativa hakuitika. Alimtazama usoni, akaiacha ile shikamoo ikining'inia hewani mbele ya watu wote, kisha akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka nje, chuma cha mguu wa farasi wake kimepimwa kilo ngapi. Mashine ilikuwa imezimwa kwa muda, kwa hiyo kila mtu alisikia. Remigius alipakia pumba zake akaondoka.

Jumatatu maji ya kisima yalipopungua, kiatu kilionekana. Kilikuwa kimesimama kwa ubavu kwenye matope, mahali alipopita mara ishirini, misumari yote ingali ndani yake. Hakuna mwizi anayeng'oa kiatu na kukizika hatua kumi kutoka kwa mwenyewe. Dativa alikiosha, akakaa nacho mapajani muda mrefu. Beno alipopiga simu kutoka Dodoma akamwambia mama, achana na huyo farasi, mwache afe, umefanya yako. Dativa alisema amesikia. Kisha akakipigilia tena, kwa misumari minne, kwa kuwa nafasi ya wa tano haikuwepo.

Jumanne kilitoka asubuhi, mbele ya macho ya Agnella. Yeye alikuwa anapepeta mchele, Dativa anamwongoza Radi kutoka bandani kwenda kunywa, na kiatu kikaruka kikagonga ungo. Mchele ukamwagika. Dativa hakugeuka hata kuomba radhi. Alikaa chini pale pale kwenye vumbi, kamba ya farasi mkononi. Kwenye sanduku ilikuwa imebaki misumari sita. Ukwato ulikuwa na nafasi ya minne, labda mitatu. Mbingu upande wa Udzungwa zilikuwa zimevimba tangu Jumapili, na usubi wa kwanza wa jioni ulikwisha kuonekana. Alijisemea moyoni, kwa mara ya kwanza, kwamba Radi atakufa.

Agnella aliokota kiatu, akakipima kwa macho, kisha akaanza kucheka. Ni mtu anayeweza kucheka matangani.

"Wifi," alisema, "na huyu naye umemnunulia namba ya mwakani?"

Watu wa umri wetu pale Michenga wanaijua habari aliyokuwa akiitaja. Beno alipopata kipaimara, Dativa alimnunulia viatu vyeusi vikubwa namba mbili zaidi, akavijaza sufi mbele. Mtoto anakua, alisema, kiatu hakikui. Ndivyo tulivyowavalisha wote, hakuna aliyemnunulia mtoto kiatu cha mwaka huo. Beno akapanda kwenda kwa askofu, mguu wa nyuma ukakanyaga kisigino cha kiatu cha mbele, kiatu kikachomoka, naye akafika mbele ya askofu kwa magoti, mapema kuliko ilivyopangwa. Kwaya nzima ilificha nyuso nyuma ya vitabu.

Dativa alifungua mdomo amjibu wifi yake kama alivyostahili. Halafu akaufunga. Akasimama, akampa Agnella kamba.

"Mtembeze," alisema.

"Mimi? Huyu?"

"Mtembeze, nimwone kwa ubavuni."

Miaka kumi na tisa, na mingine miwili ya ujane, Dativa alikuwa amemwona Radi kwa mbele, akimwongoza, au kwa chini, akimshika mguu. Kwa ubavuni akitembea hakuwahi kumtazama hivi, ile ilikuwa kazi ya Sylvanus, aliyesimama kila mara kando ya njia ameinamisha kichwa huku mke wake akizunguka na mnyama. Sasa yeye ndiye aliyeinamisha kichwa. Agnella alikwenda na Radi, kanga imepanda, mkono umenyooka mbali kama anayebeba nyoka. Na Dativa akaona. Mguu wa nyuma wa kushoto ulikuja mrefu, ukatua pale pale mguu wa mbele ulipokuwa unataka kunyanyuka. Leo ulitua juu ya mchanga tu. Kiatu kilipokuwepo, pale nyuma palikuwa na vidole viwili vya chuma vya kukanyagia. Farasi alikuwa anakikanyaga kiatu chake mwenyewe, kisha anavuta mguu.

Haikuwa matope, haikuwa mwizi wala misumari.

Chuma kile hakikuwa cha kukatika kwa tupa ndani ya siku moja. Pande zile mwenye mashine ya kukatia chuma ni mmoja tu.

Dativa alikwenda Lumemo kwa miguu, kiatu ndani ya kikapu. Njiani alitayarisha maneno mengi, na alipofika yote yalikuwa yamekwisha. Remigius alikuwa anachomelea geti, kofia ya macho usoni. Alimwona, hakuivua kofia. Hakuamkia. Mafundi wengine wawili waliacha kugonga. Mwanamke wa miaka sitini na mbili hawezi kumwamkia mtu wa umri wa mwanawe, dunia haikuumbwa hivyo, na kila aliyekuwepo alisubiri aone itakuwaje.

"Baba Gladness," alisema Dativa, "Jumamosi uliniamkia sikuitika. Nimekuja kuitika. Marahaba, mwanangu."

Remigius alizima mashine. Aliikalia kimya ile marahaba muda wa kutosha ili nayo imwume kidogo mwenye kuileta, na hilo lilikuwa haki yake. Kisha akavua kofia, akanyoosha mkono kwenye kikapu.

Alikata visigino vyote viwili vya kile kiatu, akavisugua vikawa mviringo, na hakutaka maelezo zaidi ya kuuliza ukwato una urefu gani. Ndiye pia aliyetoa kipande cha mpira wa ndani wa trekta na kusema mama ukikate uwe kama sketi, ufunge juu ya ukwato, ufunike kisigino, ili mguu wa nyuma ukija uteleze. Alipomrudishia kikapu alisema wale walioiba mfuniko wa shule anawajua, nao si wa Lumemo. Dativa alisema hata yeye sasa hana shaka.

Jioni, kabla jua halijazama, alipunguza ukwato mbele ili mguu unyanyuke mapema, akapigilia misumari minne. Alisikiliza kila mmoja. Mmoja ulilia kombo, akautoa, akatia mwingine. Ncha akazikunja, akazigonga mpaka zikalala kabisa ndani ya ukwato. Sasa sandukuni ulibaki mmoja.

Jumatano alfajiri waliondoka wawili. Agnella alisema anakwenda ili apate la kusimulia, lakini alikuwa amesonga ugali wa njiani tangu usiku. Dativa mbele na kamba, Radi katikati amevaa sketi yake ya mpira, Agnella nyuma na kazi moja tu, kuangalia mguu wa kushoto. Kila baada ya hatua mia Dativa aliuliza bila kugeuka.

"Kipo?"

"Kipo."

Walipita mjini Ifakara watu wakiwapiga picha kwa simu. Walipitwa na malori ya miwa yaliyomfanya Radi arushe kichwa na kurudi nyuma mpaka bega la Dativa likalia. Kipo? Kipo. Mahali fulani pana kalvati lililobomoka, maji yamekata pembeni, ikabidi washuke matopeni. Mguu wa kushoto ulizama hadi juu ya sketi. Radi akavuta. Dativa aliusikia mfyonzo wa matope, sauti ile ile ambayo kwa wiki mbili ilikuwa inamwamsha usingizini, na akasimama, hakuthubutu kuuliza. Agnella aliinama akaingiza mkono mzima kwenye tope, akapapasa.

"Kipo, wifi. Twende."

Walifika Kiberege jua linaelekea kuzama, wakalala kwa mjane mmoja wa jumuiya aliyewafahamu, Radi amefungwa kwenye mwarobaini. Alhamisi saa moja na nusu walikuwa mbele ya lori.

Octavian alikuwa mtu mfupi mwenye haraka. Alimzunguka Radi mara moja, akatazama chini, akatikisa kichwa.

"Hivyo vyuma hapandi navyo."

Dativa alidhani hakusikia vizuri. Octavian akaeleza. Sakafu ya lori ni bati nene la chuma. Mnyama mwenye viatu vya chuma akifika milima ya Kitonga atateleza, atajikata miguu mwenyewe, na huko shambani wamempigia simu jana kumwambia hivyo hivyo, farasi apande mguu mtupu. Huko juu ni majani laini, hawavalishi. Alisema anaondoka baada ya nusu saa.

Agnella alianza kumwambia dereva mambo kadhaa kuhusu ukoo wake. Dativa alimshika mkono. Alitoa koleo na nyundo kwenye kikapu, akamwambia wifi yake aje aupakate mguu.

"Mimi sijawahi kushika mguu wa mnyama huyu."

"Na mimi sikuwahi kupigilia. Njoo."

Basi Agnella akakunja kanga, akaupakata, amefumba macho, anataja watakatifu. Kiatu cha kwanza kilitoka upesi. Cha pili na cha tatu vilevile. Cha kushoto mbele kiligoma. Dativa alizikunjua zile ncha moja moja, akabana koleo, akavuta, na hakikutikisika. Misumari minne katika ukwato uliomeguka, na ilishika kama imezaliwa humo. Alivuta kwa mikono miwili. Alivuta akiwa ameegemeza paji la uso kwenye bega la farasi. Octavian aliwasha injini. Ndipo kikaachia, polepole, bila kung'oa hata kipande.

Radi alikataa kupanda ubao. Dativa alivua koti la Sylvanus, akapanda nalo mbele yake, naye akafuata mfuko mpaka ndani, juu ya makapi ya mpunga yaliyotandazwa. Alilifunga koti kwenye chuma cha pembeni, usawa wa pua. Aliposhuka mlango ulifungwa, na lori likaondoka kuelekea Kidatu, na kwa muda mrefu waliona ule mstari mweupe kati ya mbao.

Mvua ilianza kabla hawajatoka sokoni. Ilikuja kutoka milimani kwa wingi, mvua ya masika yenyewe, si ya kujaribu. Dativa hakuwa na koti. Alitembea mbele, kikapu kichwani, viatu vinne vikigongana ndani yake, na Agnella akafuata nyuma kwenye bega la kokoto linaloanza kujaa maji.

Walikwenda kama hatua mia. Dativa akauliza bila kugeuka.

"Kipo?"

Agnella alitazama barabara tupu kati yao, pale Radi alipokuwa akitembea, kisha akaongeza mwendo wakawa sambamba.